Mama Mkwe Ndani ya Boti

Sikuzani binti Amri wa Mtua, Nachingwea, hakuwahi kuipenda bahari, na aliishi juu yake karibu nusu mwaka. Watu wengine husafiri kutafuta mali, elimu au Makka. Yeye alikwenda kumchukua binti yake, na binti hakutaka kuchukuliwa.

Chanzo chake kilikuwa nyumba ambayo haikujengwa. Mtua, kama kwa Wamwera wengi, mwanamume akioa huhamia kwa akina mke. Mahari si kubwa ya kutangaza. Mtu hulipa kwa mgongo wake. Hulima shamba la mama mkwe, hujenga nyumba jirani na ya mama mkwe, na muda wote huo haruhusiwi kumtazama mama mkwe usoni, kumtaja jina wala kusema naye moja kwa moja, na mama mkwe naye vivyo hivyo. Wanaosoma mila za watu kwa mbali huona hapo pana mgongano. Wenyeji hawauoni. Mtu unayemlimia shamba, na ambaye anasikia ukikohoa, ndiye hasa inafaa msitazamane.

Mkwe wa Sikuzani aliitwa Saburi Kaimu, kijana wa Namungo upande wa Ruangwa. Alifika Nachingwea mwaka 1948, siku zile Waingereza walipoamua kulima karanga kwa matrekta, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita. Saburi aliingia karakana akiwa hajui nati, akatoka fundi. Akamwoa Mwantumu, mtoto pekee wa Sikuzani, akakata miti ya nyumba, akaisimamisha. Kisha karanga zikakataa. Skimu ikafungwa, vyuma vikauzwa, na boti moja ya injini iliyokuwa ikivusha wafanyakazi kati ya Mkwaya na Lindi ikanunuliwa na tajiri mmoja aliyetaka kupeleka bidhaa kwenye vimji vya pwani ambavyo meli huvipita kana kwamba havijajengwa. Boti ilihitaji fundi wa kulala humo humo, kwa sababu injini ikilala peke yake iliamka imepungua. Saburi akashuka pwani, akamwita mkewe, wakahamia botini. Miti ya nyumba ilibaki Mtua ikinyeshewa, na kwa kuwa ilikuwa mibichi, ikachipua majani.

"Shoga, mkweo amepanda msitu," majirani walimwambia Sikuzani.

Mwishoni mwa mwaka 1952 ikaja habari kwamba Mwantumu ni mjamzito. Sikuzani alikuwa mjane, lakini alikuwa na kaka, Abdala, na kwa Wamwera mjomba wa watoto ndiye serikali. Abdala aliitisha kikao cha watu wawili, yeye na dada yake, akasoma hukumu kabla ya mashitaka.

"Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, ndani ya nyumba aliyoijenga mkwe. Sisi hatuna nyumba, kwa hiyo hatuna mkwe. Kamlete Mwantumu. Huyo wa majini akija kujenga kabla mtoto hajazaliwa, vizuri. Asipojenga, Mwantumu ataolewa na mtu wa nchi kavu."

"Na Mwantumu akikataa kuja?"

"Wewe ni mama yake au ni barua?"

Sikuzani akapanda treni ya kwenda Mkwaya na debe la ufuta na kikapu cha makopa ya muhogo. Treni aliiona ni nyumba ndefu yenye haraka. Boti, alipoiona gatini, aliiona ni sanduku. Mbele kulikuwa na kijumba cha mbao ambamo mtu mrefu alilala kwa kukunja magoti. Katikati palikaa mizigo. Nyuma kulikuwa na shimo la injini lenye mfuniko, na usukani. Mwantumu alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi anachagua mchele, amenenepa mashavu.

"Funga vitu vyako," mama alisema kwa Kimwera, kabla ya kusalimiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga vitu vyako."

"Mimba yenyewe changa. Nikirudi sasa nitakaa Mtua kuangalia ukuta. Na mume wangu namwacha na nani?"

"Na injini yake."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa, mama. Akishaifungua hasikii njaa."

Boti ilikuwa inaondoka kwenda Mikindani na kurudi. Mwantumu akasema watazungumza ikirudi. Sikuzani alitazama gati, akatazama tumbo la binti yake, akaona kwamba akishuka atakuwa ni barua kweli. Akapandisha debe la ufuta, kisha akapanda mwenyewe, akamtaka nahodha asiende mbio.

Nahodha alikuwa mzee wa Mchinga aitwaye Shehe, mtu aliyesema maneno machache, na yote yalikuwa mazito. Alipoelezwa kwamba mama mkwe na mkwe watasafiri chombo kimoja na ni mwiko wao kutazamana, alipima boti kwa macho kutoka mbele mpaka nyuma. Haikumchukua muda.

"Mmoja akae wapi?" aliuliza. "Chini ya maji?"

Wakatundika turubai katikati. Wanawake mbele, injini nyuma. Ungekuwa mpango mzuri kama choo kisingekuwa nyuma kabisa, kiti cha mbao kilichoning'inia juu ya maji, ng'ambo ya shimo la injini; na kama sanduku la mchanga la kupikia lisingekuwa mbele, na Saburi asingekuwa mtu wa kula. Mwantumu ndiye aliyetunga sheria. Mama akitaka kupita, atagonga sufuria kwa mwiko. Saburi akisikia, ataingiza kichwa ndani ya shimo la injini na kufumba macho, mpaka sufuria igongwe tena.

"Na mama akisahau kugonga mara ya pili?" Shehe aliuliza.

"Hawezi kusahau."

Alisahau safari ya kwanza tu, walipofika Sudi. Alirudi mbele, akaona watoto wanaoga pwani, akasimama kuwacheka, sufuria akaisahau. Shehe alipotaka kuwasha injini alimkuta Saburi amelala usingizi, shavu juu ya bomba, mikono imeshika ukingo wa shimo. Hakuna aliyeweza kusema kijana yule hana adabu.

Mazungumzo nayo yalipitia kwa Mwantumu, ingawa turubai lilikuwa jembamba na kila neno lilifika kabla halijatumwa.

"Mwambie mumeo samaki huyu ana magamba bado."

"Mama anasema samaki ana magamba."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia."

"Kusikia hakuondoi magamba."

"Mama anasema..."

"Nimesikia!"

Mwiko wenyewe ulikuwa na mlango wa kutokea. Mkwe akishajenga, humpelekea mama mkwe kuku. Akimpokea, basi, wanaangaliana na kuitana. Saburi alimnunua kuku Mikindani, jogoo mwenye kishungi, akampeleka kwa mkono wa Mwantumu. Sikuzani akamrudisha mzima. Kuku asiye na nyumba nyuma yake, alisema, ni kitoweo. Wakamla wote wanne, turubai likiwa katikati.

Safari ya kwenda na kurudi ikazaa nyingine. Kila walipofika Lindi, palikuwa na mzigo unaosubiri, na Mwantumu alikuwa na sababu mpya. Sikuzani aligomba, kisha akauliza wanakwenda wapi tena. Hilo swali aliliuliza kwa sauti ya mtu anayelalamika, na Shehe, aliyekuwa na mabinti watano, akawa anamjibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Wote wawili walijua kinachouliziwa.

Kwani alikuwa ameanza kuijua pwani. Boti ikitia nanga, alijifunga kanga ya pili, akajitwisha ufuta na kushuka. Mikindani aliona milango ya nakshi mikubwa kuliko vyumba ilivyovifunga, akasema huko watu wanakaa mlangoni. Sudi aliona mji mzima unaopikia nazi, akauliza kama kuna mgonjwa, maana kwao nazi ni ya wagonjwa. Kilwa Kivinje aliona majumba ya mawe yasiyo na paa, mtini umeota sebuleni, na wenye majumba wanaishi nyuma katika vibanda vya makuti, hawataki kuhama wala kuezeka. Hilo lilimpendeza. Alisema kumbe hata waungwana huchipuza miti nyumbani. Saburi, nyuma ya turubai, aliona jambo hilo halikuelekezwa kwa Kilwa.

Watu wa miji hiyo walimcheka Kiswahili chake, alichokiokota gulioni na kukivaa kama nguo ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja wa Mikindani, akishika shika ufuta bila nia ya kununua, alimwuliza mbele ya wenzake:

"Eti bibi, ninyi wa bara mnakula panya?"

"Wa shambani, ndiyo."

"Astaghafiru! Panya!"

Sikuzani alitazama kikapu cha yule mwanamke, ambamo kaa watatu walikuwa wanapandiana. "Panya wetu ana miguu minne," alisema. "Akizidisha hapo tunamwacha."

Akauza ufuta wote.

Machi, tumbo la Mwantumu lilipokuwa limeshamtangulia kila aendako, mambo yalimalizwa. Shehe ndiye aliyepeleka maneno, kwa sababu Mwantumu alisema amechoka kuwa mlango. Saburi aliomba ruhusa kwa tajiri, akapewa. Safari ya Kilwa ikiisha wangepanda treni wote watatu. Yeye angeng'oa ule msitu wake, asimamishe miti mikavu, akandike nyumba kabla mtoto hajafika. Sikuzani alijibu kwamba ukuta wa udongo wakati wa masika ni kazi ya mjinga, lakini anayeanza kazi ya mjinga ni afadhali kuliko asiyeanza. Shehe alilitafsiri hilo kuwa, "Amekubali."

Wakiwa wanarudi kutoka Kilwa waliingia Kiswere kushusha chumvi na mafuta ya taa. Kiswere ni ghuba pana yenye mikoko, na kijiji kilichokaa kimya pembeni yake. Ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya, tena lile bamvua la masika linalozidi yote ya mwaka. Alasiri maji yalijaa mpaka mikoko ikabaki vichwa. Shehe alitia nanga, akashusha kihori, kimtumbwi cha boti, kupeleka mzigo wa mwisho. Mwantumu akaona hamu ya ndimu imemkaba, akaomba kwenda naye.

Wakabaki wawili botini, mkwe na mama mkwe, jambo ambalo halikuwa limetokea hata siku moja. Sikuzani alikaa nje ya kijumba, kanga kichwani, ameipa injini mgongo. Saburi alikuwa shimoni anagonga gonga chuma. Kukaja wingu kutoka baharini, na mbele yake upepo.

Sikuzani aliona mikoko inasogea. Alifikiri kwa utulivu kwamba mikoko ni miti, na miti haiendi. Basi ni sisi. Kamba ya nanga ilikuwa bado imekaza, lakini nanga yenyewe ilikuwa inalima tope kama jembe, na boti inarudi nayo nyuma.

Kumwita mkwe jina hawezi. Kwenda kumgusa ndiyo kabisa. Alipaza sauti kuelekea kijijini, "Nahodha ee! Mwantumu ee!" na upepo ukayachukua majina yote mawili ukayapeleka porini. Saburi aliisikia ile sauti. Aliwaza: mama anawaita wenziwe, mimi sikuitwa.

Ndipo Sikuzani aliposhika sufuria. Aligonga kwa mwiko kwa nguvu zake zote.

Saburi akaacha kazi, akaingiza kichwa shimoni, akafumba macho.

Akagonga tena. Kwa mujibu wa sheria, mara ya pili ilimaanisha ainuke. Lakini hakuacha, aligonga ya tatu na ya nne na kuendelea, na sheria haikuwa imesema kitu juu ya hapo. Saburi alifikiri mama ana jambo kubwa la kupita nalo. Akajizamisha mpaka mabega. Sikuzani akatupa sufuria, akashika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, akauegemeza kwenye mkoko wa kwanza na kuisukuma boti ya tani kadhaa kama mtu anayezuia ng'ombe mlangoni. Boti ikamshinda nguvu. Ikapanda juu ya mizizi taratibu, bila kishindo, ikakaa wima katikati ya msitu, na mvua ikaanza.

Saburi alitoka shimoni na viganja machoni.

Shehe alirudi na kihori, na Mwantumu na ndimu zake, maji yakiwa yameanza kupwa. Aliizunguka boti mara moja.

"Nani alikuwa chomboni?"

"Mimi na mama," Saburi alisema.

"Hakuna aliyeona?"

"Mama aliona."

"Akasema?"

"Aligonga sufuria."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nilifumba macho."

Shehe alikaa juu ya mzizi. "Nimeona vyombo vikipotea kwa dhoruba," alisema. "Kwa ulevi nimeona, na kwa wivu kimoja. Kwa adabu, hiki cha kwanza."

Ubaya wa kupandishwa na maji makubwa kuliko yote ni kwamba lazima yaje mengine ya kiasi hicho kukushusha. Bamvua la mwezi mpevu lilikuja, likailowesha boti kiunoni, likarudi. Shehe akasema wangoje mwezi mpya mwingine. Barabara ya Lindi masika ilikuwa imeikata mahali pengi, na mwanamke mwenye mimba kubwa hakuwa wa kutembezwa kwenye tope hilo. Wavuvi walijitolea kumpeleka kwa mtumbwi. Sikuzani aliutazama mtumbwi, akawashukuru. Mwantumu alianza kushika kiuno akisimama. Hakuna aliyetaja Mtua, na hakuna aliyewaza kingine. Abdala alikuwa amesema kabla mtoto hajazaliwa. Hakuwa mtu wa kusikiliza habari za mwezi.

 Asubuhi moja Sikuzani alishuka, akapita kwenye tope mpaka magotini, akaingia kijijini, akauliza ardhi ya mpakani mwa minazi ni ya nani. Akaonyeshwa mwanamke mzee, mfupi, aitwaye Mwanawetu, aliyekuwa anatwanga.

"Naomba mahali pa kujenga nyumba," Sikuzani alisema.

"Unahamia?"

"Nina mkwe hajajenga."

Mwanawetu aliacha kutwanga. Yeye alikuwa mtu wa pwani kwa kuzaliwa, lakini bibi yake alikuwa Mmwera, na kuna mambo ambayo hayahitaji kuelezwa. "Ndiye yule aliyefumba macho?" aliuliza. Kijiji kizima kilikuwa kinaijua habari ile, na kilikuwa kimeshaanza kuiboresha.

"Ndiye."

"Huyo ni mkwe mzuri, mwenzangu. Ujenzi wake siujui. Chukua pale, kuanzia mnazi ulioinama mpaka kwenye mwembe mdogo. Pako. Ukiondoka pako, ukirudi pako."

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo, na ikakwama siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na maelekezo mengi na mjenzi haruhusiwi kuyasikia kutoka kinywani mwake. Mwantumu hakuweza kusimama juani. Shehe alipeleka maneno mpaka adhuhuri, akachoka.

"Kuna pipa la maji botini," alisema. "Ambieni pipa. Nalo lisikilize, lina tumbo kubwa."

Pipa likabebwa kutoka botini, likawekwa katikati ya kiwanja. Kila mtu akakaa upande wake, mgongo kwa mgongo, na mambo yakaenda vizuri kuliko yalivyowahi kwenda.

"Pipa," Sikuzani alisema, "huko Namungo nguzo huchimbiwa shimo la kupandia viazi?"

"Pipa," Saburi alijibu, "hapa chini ni mchanga, nikichimba zaidi natokea maji."

"Pipa, basi shindilia kwa mawe."

"Pipa, mawe sina."

"Pipa, chumvi ilikuja kavu botini, ilikaa juu ya nini?"

Saburi akakumbuka mawe ya kutulizia boti, yaliyotandazwa chini ya mizigo. Akayatoa.

Wanakijiji walikuja kutazama, kwanza kucheka, halafu kushika kamba. Saburi alijenga kama fundi wa injini. Kila mti alitaka uingie kwenye mwenzake barabara, na palipolegea alikaza kwa waya. Udongo hakuujua. Aliukanda mwepesi, ukateremka ukutani pamoja na mvua, akaupandisha tena, ukateremka tena, mpaka wanawake watatu wa Kiswere waliposema pipa limwambie kijana akae pembeni. Paa aliezeka mwenyewe kwa makuti. Mlango ulikuwa mfuniko wa shimo la injini, kwa kuwa injini haikuwa na pa kwenda.

Ukuta wa nyuma ulikuwa haujakauka Mwantumu aliposhikwa na uchungu asubuhi moja ya mvua. Sikuzani na Mwanawetu waliingia naye ndani na kufunga mfuniko. Saburi alikaa nje, karibu na pipa, akimwuliza Shehe maswali. Mchana mtoto akalia. Alikuwa wa kike. Sikuzani aliichimbia kondo ya mtoto nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, kwa mkono wake, akashindilia, akatoka.

Saburi alikuwa amekwisha kwenda kijijini na kurudi na kuku, jike, jeusi. Alimnyoosha mbele ameinama, macho chini. Safari hii hakukuwa na mtu wa kupitishia.

Sikuzani alimpokea kuku.

"Inua uso, Saburi," alisema.

Akainua. Walitazamana muda, kama watu waliokutana njia panda na kila mmoja anamfahamu mwenziwe kwa sauti tu.

"Nilidhani mama ni mrefu," Saburi alisema.

"Mimi nilikuwa nimezoea mgongo wako. Nenda kamwone mwanao."

Mwezi mpya ulipoandama, maji yakaja, kijiji kikavuta kamba, boti ikatoka mikokoni kinyumenyume. Arobaini ya mtoto ilipopita walipanda treni wote wanne pamoja na kichanga, yaani na Shehe, aliyesema anataka kuiona nchi inayotengeneza watu wa namna hii. Abdala alikuwa ameketi barazani kwake Mtua. Alimtazama mtoto, akampenda, akajizuia.

"Amezaliwa wapi?"

"Nyumbani kwangu," Sikuzani alisema.

"Nyumbani kwako ni hapa. Hapa sikusikia kilio."

"Kwangu ni pale nilipoomba ardhi nikapewa, mkwe akajenga, na kondo ya mjukuu ikafukiwa. Ni Kiswere. Wewe ulisema nyumbani kwa mama wa mzazi, ndani ya nyumba aliyoijenga mkwe. Hukusema kwa mama huyo pawe mahali pamoja tu."

"Sikusema kwa sababu hakuna mwanamke wa Mtua mwenye kwao pawili."

"Sasa yupo."

 Abdala alikuwa mgumu lakini hakuwa dhalimu, na aliona kwamba dada yake amesimama ndani ya maneno yake yeye mwenyewe. Upande wa pili, watu wa majini husema wamejenga nyumba kumbe wameegemeza makuti. Ndoa ya mtu haiamuliwi kwa kusimuliwa. Akasema atakwenda kuiona. Mwantumu abaki Mtua na mtoto wake mpaka atakaporudi. Na kama pale hapana nyumba, Saburi asirudi Mtua.

 Mwantumu alimtazama mumewe, akaingia ndani na mtoto.

Abdala hakuwa amewahi kuona maji asiyoyaona ng'ambo yake. Kutoka Lindi mpaka Mchinga alikaa wima kama hakimu. Kupita Mchinga alilala chali juu ya magunia, akamwomba Shehe amrudishe, na Shehe akamweleza kwa heshima zote kwamba kurudi ni mbali sawa na kwenda. Sikuzani alimshikia kichwa na kumpa ndimu ya kunusa.

Kiswere walifika mvua ya mwisho ya masika ikinyesha. Mwanawetu alikuwa ameingiza mbuzi wake wawili katika nyumba ile.

"Nyumba hii ya nani?" Abdala alimwuliza, bado ameshika mnazi ili ardhi itulie.

"Ya Sikuzani."

"Na mbuzi?"

"Wamekuja kujikinga mvua. Mwenyewe hakuwepo wa kuwakataza."

Abdala aliuzunguka ukuta. Alisukuma nguzo moja baada ya nyingine kwa bega, na hakuna iliyotikisika. Alipinda kidole akagonga udongo. Aliomba aonyeshwe palipofukiwa kondo, akaonyeshwa, akasimama hapo na kusoma Fatiha. Kisha aliingia ndani, akawatoa mbuzi, akakaa chini kitako, mgongo ukutani. Alikaa sana. Sikuzani alisimama nje kwenye mvua, na Saburi nyuma yake.

"Ni nyumba," Abdala alisema kutoka ndani.

Sikuzani akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Inavuja," Abdala aliongeza.

Saburi akaenda kuazima ngazi.